Kabla hujanunua jiwe la Tabaka

Kila mara napigiwa simu na mtu anayetaka kuanza biashara ya vinyago vya mawe ya sabuni. Ameona bei za Nairobi, amepiga hesabu, na sasa anataka kupanda matatu hadi Tabaka arudi na gunia. Tafadhali soma hapa kwanza.

Tabaka iko Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii, kwenye vilima ambako vumbi jeupe limetanda hadi kwenye majani ya migomba. Jiwe linachimbwa kwa mikono, kwa sururu na mitaimbo. Lipo jeupe, lipo la waridi, lipo la kijivu, na yote ni laini kiasi cha kuchongwa kwa panga na kisu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata oda ya mabakuli 60 kutoka duka moja hapa Kisumu. Nikanunua rundo la mawe jioni, mvua imetoka kunyesha. Kila jiwe lilikuwa limelowa, linapendeza. Mchongaji alipoanza kuchimba matumbo ya mabakuli, yakawa yanapasuka moja baada ya jingine. Yaliyopona ni 23, na mawe nilikuwa nimeshayalipia yote.

Mzee aliyekuwa akinichongea ndiye aliyenionyesha. Chukua jiwe kavu, limwagie maji, kisha usubiri. Uso utakauka, lakini penye ufa utabaki mstari mweusi mwembamba kama uzi. Halafu ligonge kwa mpini wa kisu: jiwe zima linalia, lenye ufa linatoa sauti nzito iliyokufa. Tangu siku hiyo sinunui jiwe mvua ikitoka kunyesha, wala giza likiingia. Ila ukishalinunua usiliache juani wiki nzima. Jiwe lenye unyevu wa shimoni huchongeka kwa urahisi. Lifunike kwa magunia.

Usibebe mawe ghafi kupeleka mjini. Utalipia usafiri wa mapande yatakayoishia kuwa vumbi, na kazi utakuwa umeinyima Tabaka yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mchongaji akimaliza, kazi huenda kwa akina mama. Wanakaa na beseni la maji, wanasugua kwa msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini kabisa, ndipo wanapaka nta. Maji hayo pia yanalaza vumbi lisiingie mapafuni. Anayekata kwa mashine pakavu avae barakoa. Mteja dukani hununua kwa mkono: anapapasa bakuli, anasikia ulaini, anatoa pesa. Ulaini huo ni jasho la mama aliyesugua, na mara nyingi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Mimi nilimwongezea wangu malipo, na mabakuli yaliyorudishwa na wateja yakapungua. Mlipe vizuri.

Kuhusu rangi, nunua kabla haijapakwa. Nimewahi kuuziwa sahani nyeusi za kupendeza ambazo nyufa zake zilizibwa kwa gundi na unga wa jiwe. Chagua sahani ikiwa tupu, ipakwe na kuchorwa ukiwa hapo hapo. Zilizopakwa rangi mwambie mteja ni za pambo, asipakulie chakula.

Andika pia jina la aliyechonga chini ya kila kazi, kwa ruhusa yake. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Kisii, ana sanamu yake ya ndege makao makuu ya UNESCO, Paris, na watu wanamjua kwa jina. Wengi wa Tabaka kazi zao zimefika mbali zikiwa hazina mwenyewe.

Kama unaanza, anza na visahani vya kuwekea sabuni na mabakuli madogo. Funga kila kimoja peke yake kwa gazeti, ujaze nafasi kwa maranda ya mbao. Twiga waache kwanza. Mzigo wangu wa pili ulikuwa na twiga 10, na watatu walifika Kisumu shingo zimekatika.