Ushauri wa Kupima Vipindi vya Mapigo ya Moyo wa Farasi na Poni

Farasi mzima aliyetulia huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, na poni huzidi kidogo, lakini muda kati ya pigo moja na lingine haulingani, na kiasi cha kutolingana huko hutumika kukadiria utulivu au msongo wa mnyama. Wenye farasi wengi humfunga mkanda wa kifuani uliotengenezewa wanariadha na kusoma namba kwenye simu. Kwa uzoefu wangu wa kuwapima farasi wa mbio na poni wa kufundishia watoto, namba hiyo haifai kuaminiwa kabla ya kuutazama mchoro wa umeme wa moyo wenyewe.

Sababu kubwa ni kwamba farasi mwenye afya njema, tena hasa akiwa ametulia, huweza kuruka pigo, kwa kuwa ishara inayoanzia sehemu ya juu ya moyo haifiki kwenye ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo vinavyosukuma damu. Kwa mapigo 36 kwa dakika, kipindi cha kawaida ni sekunde 1.67, na pigo likiruka hufikia takriban 3.3. Nilipokokotoa, niliona kwamba katika rekodi ya dakika 5 yenye RMSSD halisi (kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya tofauti kati ya vipindi vinavyofuatana) ya milisekunde 80, pigo moja tu lililoruka huipandisha hadi karibu 190, na msomaji atadhani farasi ametulia kupita kiasi. Programu ya binadamu nayo hukosea kinyume chake: wimbi la T la farasi, yaani lile linaloonekana kwenye mchoro baada ya kila pigo, ni kubwa, hivyo hulihesabu kama pigo jingine.

Lowesha manyoya vizuri, paka jeli, na uweke elektrodi moja nyuma ya kiwiko cha kushoto na nyingine karibu na mabega. Mwache saisi aliyezoeleka asimame naye hadi atulie, wala usipime wakati wa kulishwa. Kumbuka pia kwamba farasi hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, kwa hiyo mpaka wa chini wa masafa ya upumuaji wa binadamu, yaani hezi 0.15 (mara 9 kwa dakika), huwaacha nje wanaopumua polepole.

Chagua kipande cha dakika 5 kisicho na pigo lililoruka. Kisipopatikana, usikokotoe chochote siku hiyo, na ukiona mapigo yanaendelea kuruka hata farasi anapokimbia, mwite daktari wa mifugo.