Baba ana paspoti mbili, je na mimi ninazo?

SWALI: Habari zenu. Mzee wangu ana uraia wa Uingereza na wa Marekani, mimi nilizaliwa 1999 nje ya nchi zote mbili, na yeye na mama hawakuwahi kufunga ndoa. Naambiwa kwa vile ana paspoti mbili basi na mimi ninazo zote mbili automatiki, ni kweli?

JIBU: Nzuri ndugu yetu. Hapana, na hapa ndo wengi wanapopotea, uraia pacha haurithiwi kama mzigo mmoja. Kila nchi inaangalia uraia wake tu, ule mwingine wa mzee hauongezi wala haupunguzi kitu. Kwa hiyo una maswali mawili, sio moja, na yote yanaanzia hapa: siku unazaliwa, mzee alikuwa tayari raia? Kama alipewa uraia baadaye, huo huwezi kusema umezaliwa nao.

Uingereza wanataka kujua aliupataje. Kama alizaliwa kule kwa wazazi wa kule, au aliomba akapewa akiwa anaishi kule, anaweza kurithisha, ila kama na yeye alizaliwa nje akaupata kwa mzazi wake basi kwa kawaida unaishia kwake. Halafu kuna hili la ndoa. Kwa waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Julai 2006, baba ambaye hakumuoa mama hakuwa anarithisha moja kwa moja, na kusema kweli inauma maana mtoto hakuchagua hayo. Lakini baadae wakarekebisha, watu kama nyie mnaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia hata mkiwa watu wazima, so usikate tamaa.

Marekani wao wanahesabu miaka. Kama mama sio raia wa kule, mzee awe alikaa Marekani jumla ya miaka 5 kabla hujazaliwa, na 2 kati ya hiyo iwe baada ya yeye kutimiza miaka 14. Na kwa vile hawakuoana, wanataka pia uthibitisho kwamba ni baba yako wa damu, awe alikutambua rasmi kabla hujafika 18, na awe aliahidi kwa maandishi kukutunza mpaka umri huo. Kama una mdogo wako hajafika 18, tafadhali mwambieni mzee aandike sasa hivi.

Wewe anza kumuomba cheti chake cha kuzaliwa au cha uraia, paspoti za zamani na rekodi za shule au kazi za kule.