Kwa nini "mpishi" na si "mpiki"?

Swali ni kwa nini pika inatoa mpishi, ilhali mpikaji inabaki na k yake. Jibu liko kwenye kiambishi tamati, yaani kipande kinachoongezwa mwishoni mwa mzizi wa kitenzi ili kupata nomino. Kile cha -i hulainisha konsonanti iliyo mbele yake: k huwa sh (andika, mwandishi), t huwa s (fuata, mfuasi), nd huwa nz (linda, mlinzi), mb huwa mv (gomba, mgomvi). Kile cha -aji huanza na a, kwa hiyo hakigusi kitu: mwandikaji, mlindaji.

Kosa la kawaida kwenye mtihani ni kukata m-pish-i na kuandika mzizi ni "pish". Mzizi ni pik-. Rudi kwenye kitenzi kwanza, ndipo ukate.

Lea inachanganya wengi, maana mlezi ina z isiyoonekana kwenye kitenzi. Hapo zamani palikuwa na l iliyodondoka kati ya irabu. Mbele ya -i ikageuka z. Ndiyo maana pia zaa inatoa mzazi na okoa mwokozi. Konsonanti m na n hazibadiliki: soma, msomi, shona, mshoni.

Angalia na vitenzi vya mkopo. Katika msafiri, i ya mwisho ni ya shina safiri lenyewe. Kilichoongezwa ni m- tu, na ukiandika m-safir-i umepoteza alama.

Tamati -e ni habari nyingine, mara nyingi humtaja mtendwa, yaani anayetendewa kitendo: tuma, mtume, teua, mteule, umba, kiumbe.