Mume alichukuliwa Mlima Elgon 2008: je, kumtangaza marehemu ni kusamehe?

Pole sana, dada. Unaogopa kwamba ukiomba mahakama imhesabu mumeo kuwa marehemu ili watoto warithi shamba, utakuwa umewasamehe wanajeshi waliomchukua wakati wa Operesheni Okoa Maisha, msako wa jeshi la Kenya dhidi ya wanamgambo wa Mlima Elgon. Sivyo. Sheria ya Ushahidi inaruhusu ombi hilo kwa mtu ambaye waliopaswa kusikia habari zake hawajazisikia kwa miaka 7, na hatua hiyo haifuti jinai ya mtu yeyote.

Ila chunga sana hati ya kiapo. Usikubali iandikwe "alipotea" au "alitoka nyumbani asirudi". Alichukuliwa! Ieleze siku, saa, lori, sare walizovaa, nani aliyemwona akipandishwa, na kama yupo aliyemwona tena kambi ya jeshi ya Kapkota. Mama mkwe wako umesema anazeeka. Maelezo yake yachukuliwe mwezi huu, mbele ya wakili au kamishna wa viapo.

Nasisitiza muda kwa sababu mwaka 2012 kitengo cha rufaa cha Mahakama ya Afrika Mashariki kilitupa kesi ya Mlima Elgon kwa kuchelewa kufunguliwa. Hakikusema kwamba mateso hayakutokea. Inauma hadi leo.

Nenda ofisi ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu pale Kitale. Tume hiyo ilichunguza mateso hayo mwaka huohuo wa 2008. Uliza kama jina lake limo kwenye kumbukumbu zao. Beba nakala za kitambulisho chake na namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) kama mliripoti. Hati halisi zibaki kwako, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.