Ncha ilisema 41, nyama ikapasuka

Juzi nimepokea meseji ya dogo mmoja: "Shikamoo kaka, themokapo yangu (kile kipimo cha joto cha waya mbili) nikiwasha jenereta tu, ile mashine ya umeme wa kuunguzia, inaruka hadi nyuzi 130, nikizima inarudi, mwezi ujao nawasilisha, nifanyeje?" Nikacheka mwenyewe halafu kicheko kikaisha, maana huyo dogo ni mimi kabisa wa miaka ile, ila yeye kauliza na mimi nilijifanya najua.

Kama unanisoma basi nawe unataka siku moja katheta yako, ule mrija mwembamba wenye ncha ya chuma, ifike kwenye moyo wa mtu, kwa hiyo ablesheni, yaani kuunguza misuli ya moyo inayoleta mapigo ya ovyo, sitaieleza kuanzia a be che. Tunapitisha umeme wa kama kilohezi 500, kijisehemu cha misuli kilichogusana na ncha kinapata moto, kikifika nyuzi 50 hivi kinakufa na hakipitishi tena yale mapigo ya ovyo, kikifika 100 maji yaliyomo ndani yanachemka na hapo ni balaa. Kati ya hizo namba mbili ndo tunaishi.

Aibu yangu ya kwanza ilikuwa mbele ya wageni. Moyo wa ng'ombe ndani ya beseni la salaini (maji ya chumvi) ya nyuzi 37, katheta ile ya kupozwa kwa maji, wati 40, na mi nimesimama kama bwana harusi nawaonyesha skrini, "mnaona, 41, tuko salama kabisa." Sekunde ya arobaini na kitu, pwaa! Ule mlio ukiusikia mara moja huusahau, kama mtu kapasua puto chini ya maji, yakafuata mapovu na kipande cha nyama kikaelea, na skrini bado inasema 41. Msimamizi wangu akaniangalia akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unapima joto la maji." Watu wakacheka. Nilimchukia wiki nzima, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi.

Kipimo cha kwenye ncha kinapima ncha. Chuma chenyewe hakipati moto wa kueleweka kutokana na umeme, kinapashwa na nyama kinayoigusa, na huku unakimwagia salaini ml 30 kwa dakika, na ndani ya mtu kuna damu inayopita inakipoza vilevile. Nyama inayopashwa na umeme moja kwa moja ni mm 1 au 2 tu, kwingine ni joto linatambaa lenyewe, na kwa sababu uso unapozwa pale pa moto kabisa panakuwa chini kidogo, usipopaona. Ni kama kugusa mfuniko ukitaka kujua kama chini ya sufuria kunaungua.

Nikaapa nitapima ndani ya tishu. Miezi ya kutengeneza kishikio cha probu, kile kijiti cha kuchomeka kupimia joto, nairuka, haina utamu. Nikachomeka themokapo mm 2 chini ya uso, nikawasha, namba zikaanza kucheza, 90, 15, 140, mara hasi 20. Nyama iko hasi 20! Leo naona wazi: themokapo ya shaba na konstantani inakupa mikrovolti 40 hivi kwa kila nyuzi, wakati jenereta ya wati 35 kwenye omu 100 inasukuma karibu volti 59 hapohapo pembeni. Unataka kusikia mnong'ono ndani ya disko.

Sasa dhambi yangu. Badala ya kuhangaika na kelele zenyewe, nilizilainisha kwenye kompyuta, nikachukua wastani wa sekunde 8 mpaka grafu ikawa laini kama hariri. Na ile hariri ikanionyesha joto linaendelea kupanda sekunde kadhaa baada ya kuzima. Nilifurahi! Hilo jambo lipo kweli, chini kabisa kwenye mm 6 au 7 joto huendelea kufika baada ya kuzima, nikajua nimelinasa, nikalitengea slaidi nzima na mshale mwekundu. Dada mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono, sauti ya upole kabisa, "Lakini wewe uko mm 2, hapo ndo jikoni penyewe, ukizima si linapaswa kuanza kushuka? Filta yako ni ya sekunde ngapi?" Sikuwa na jibu. Ilikuwa ni filta tupu, yaani ule wastani wangu wa sekunde 8 ndo uliochelewesha namba. Sitasema nilimwangaliaje, ila sasa hivi kila nikimwona namwita mwalimu.

Kwa hiyo jamani, nyie mnaokimbilia grafu nzuri, sikieni. Kishukuni kipimo kabla hamjashuku nyama. Zima jenereta kwa kufumba na kufumbua katikati ya kazi uangalie namba: nyama haiwezi kupoa nyuzi 50 papo hapo, kwa hiyo kilichoanguka ghafla kilikuwa umeme, na kilichobaki ndo cha kufikiria kama ni joto. Ukiweza pata probu ya fayba, ile ya mwanga, haina chuma cha kudaka umeme wala cha kubeba joto kulipeleka nje, japo ukiichomeka mahali pasipo sahihi nayo itakudanganya vilevile. Na ukimaliza IKATE ile nyama, uone tundu la probu liko wapi hasa. Mi nilikata moja niliyoandika mm 2 nikaikuta mm 4, na hapo mm moja tu inabadilisha nyuzi nyingi. Kishuku kipimo, nasema tena. Hata probu ya kwenye umio (bomba la chakula) wa mgonjwa, ukuta wa nyuma wa moyo unapounguzwa, inapima pale ilipolala ndani ya bomba, ikikaa pembeni kidogo itakwambia mambo shwari huku ukuta wa umio unaiva, na tundu kati ya moyo na umio linaua watu. Halafu mtu ananiambia eti "namba ilikuwa nzuri". Nzuri ya nini?

Dogo kajibu jana usiku. Kazima katikati kama nilivyomwambia, namba ikatoka 128 ikaanguka 46 hapohapo halafu ikaanza kushuka taratibu. Nikamuuliza, na nyama umeikata? Kasema ameshaitupa.