Nitafikaje Xiaobei bila kupotea?

SWALI: Shikamoo dada. Mwezi ujao nakwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza kufuata mzigo wa viatu na mikoba. Nimeambiwa treni ya chini ya ardhi inanitoa uwanja wa ndege hadi Xiaobei, mtaa wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, ila nibadili mara mbili. Kichina sijui hata neno. Nitaweza kweli? – Msomaji, Kariakoo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Utaweza. Uwanjani panda njia namba 3, ya rangi ya chungwa, ushuke Jiahewanggang. Hapo kubadili ni rahisi, maana njia namba 2, ile ya buluu, ndipo inapoanzia. Mara nyingi hata kiti unapata.

Pa kuwa macho ni Guangzhou Huochezhan, stesheni kuu ya reli, unapohamia njia namba 5, nyekundu. Mimi paliniumiza mwaka 2014. Mlango wa treni ulipofunguka, watu wakamiminika kama maji, nami na sanduku langu nikawafuata. Nikafika getini, nikatumbukiza kile kidude cha plastiki cha duara ambacho ndicho tiketi. Geti likakimeza. Kumbe wale walikuwa wanatoka nje. Nikalazimika kukata tiketi upya. Wewe usipite geti lolote mpaka ufike Xiaobei. Tafuta namba 5 kwenye vibao vya juu na ile rangi nyekundu sakafuni na ukutani, hata kama umati wote unaelekea kwingine. Panda treni inayoelekea Huangpu. Kituo kimoja tu, umefika.

Tena usichanganye majina. Guangzhou Nan ni stesheni nyingine kabisa, ya treni za mwendo kasi, nayo ipo mwisho wa hiyo hiyo njia namba 2. Ukisinzia utajikuta huko, mbali na mjini.

Kabla hujaondoka nyumbani, andika kwenye karatasi jina la Xiaobei kwa Kichina: 小北. Herufi ya kwanza ina mistari mitatu, maana yake "ndogo". Ya pili ni "kaskazini". Ukikwama, mwoneshe mfanyakazi wa kituo. Mimi walinisindikiza hadi kwenye ngazi za umeme.

Mabegi yote yanapita kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni, kwa hiyo pesa na pasipoti ziwe mwilini. Siku ya kurudi na mzigo mkubwa, chukua teksi.