Kabla hujalaumu FSH, angalia midia

Wadogo zetu mlioingia maabara ya ovari muhula huu kukuza granulosa za ng'ombe (seli zinazotanda ndani ya folikuli, yaani kifuko cha yai), tumewaona mkirudia yale yale. Estradioli imeshuka siku ya nne, projesteroni imepanda, na mtu ameshaanza kuandika kwamba dawa yake imezima CYP19A1 (jeni la aromatazi, kimeng'enya kinachotengeneza estradioli), au kulaumu FSH (homoni inayochochea folikuli) bila kuangalia midia (maji ya lishe ambamo seli hukua). Tafadhali someni haya kabla ya safari nyingine ya machinjioni.

1. Ovari zisafiri kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yenye antibiotiki, ndani ya themosi. Andika saa ng'ombe alipochinjwa, si saa uliyofika maabara.

2. Chukua folikuli za milimita 2 hadi 5, tena kwa kupima, si kwa jicho. Zikifika milimita 8 hivi, granulosa huanza kuwa na vipokezi vya LH (homoni inayochochea yai kutoka), na hapo unachanganya seli za hatua mbili. Usikwangue ukuta kwa nguvu, utaondoka na theka (tabaka la seli linaloizunguka granulosa). Pima CYP17A1, jeni la theka, katika kila sampuli: ikionekana kwa wingi, theka imeingia.

3. Seramu. Hapa tukae kidogo.

Mgeni humimina seramu ya ndama asilimia 10 kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kukuza seli. Seli zinanawiri kweli: zinashika plati, zinajitandaza, zinagawanyika. Siku ya pili ukichungulia ni bapa na ndefu, plati imejaa, mtu anapiga picha kwa furaha. Kumbe zimeshaacha kazi ya granulosa na kushika njia ya luteali, yaani ya seli za baada ya yai kutoka, zinazotoa projesteroni. CYP19A1 inaporomoka, FSHR (jeni la kipokezi cha FSH) nayo inashuka, STAR (jeni linalosaidia kutengeneza projesteroni) inapanda, projesteroni inajaa kwenye midia. Kosa hili tumelifanya sote tuliotangulia, na linauma kwa sababu halijitangazi. Kontroli (seli zisizopewa dawa) imebadilika pamoja na wenzake, kwa hiyo grafu inatoka nadhifu, na miezi inapita ukilinganisha dozi za FSH kwenye seli ambazo hazimsikii tena FSH.

Tumieni midia isiyo na seramu: albumini asilimia 0.1, transferini, seleniamu, FSH nanogramu 1 na insulini nanogramu 10 kwa mililita. Insulini ndiyo mtego wa pili. Nyongeza ya ITS (mchanganyiko wa insulini, transferini na seleniamu) ya dukani, ikitumiwa kama lebo inavyosema, huleta mikrogramu 10 kwa mililita, yaani mara elfu moja, na hiyo nayo inazisukuma seli kwenye projesteroni. Granulosa iliyotulia hukaa kwa vishada vya duara. Ukikuta zimelala bapa, tupa plati, usiipe siku nyingine.

4. Androstenedioni, nanomoli 100 kwa lita, kila unapobadilisha midia. Granulosa hupewa androjeni na theka, kisha aromatazi huigeuza kuwa estradioli. Kwenye plati theka hayupo. Kila muhula mtu hutuletea mRNA ya CYP19A1 iliyopanda vizuri na estradioli karibu na sifuri, akidhani kipimo cha homoni kimeharibika. Kipimo ni kizima, malighafi ndiyo haikuwekwa.

5. Hesabu seli hai kwa tripani bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa tu) kabla ya kuzipanda kwenye plati, si jumla. Midia ibadilishwe kila saa 48. Homoni igawanywe kwa DNA ya kisima (kitundu cha plati) kile kile. Kwenye kipimo cha mRNA, GAPDH peke yake haitoshi kuwa jeni la rejea, yaani la kulinganishia. Weka angalau mawili uliyoyajaribu kwenye sampuli zako. Na kontroli isiyo na RT (kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA) ni lazima.

Atakayekwenda machinjioni Jumatatu abebe themosi kubwa, ile ndogo inapoa kabla ya kufika.